Kompyuta Isiyo na Picha

“Andika hivi,” alisema Tarsis, akiegemea kaunta. “Mwanamke aliyezoea kukaa peke yake anafurahishwa na nini?”

Vidole vya Oliva vilisimama juu ya kibodi. Alimtazama. Tarsis alikuwa anaangalia barabarani, kama mtu aliyeulizia mbolea.

Oliva akaandika. Katika duka lake la mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, kutafuta jambo mtandaoni hakukuwa na mbwembwe. Kompyuta ilikuwa kuukuu na mtandao ulikuwa mzito, hasa mvua ikinyesha, kwa hiyo mdogo wake Elieza alikuwa ameiondolea madoido yote. Kilichobaki ni skrini nyeusi na kijimstari kinachopepesa. Hapakuwa na pa kubofya. Unaandika amri, unafuatisha swali, na majibu yanashuka kwa maandishi meupe bila picha hata moja. Wateja walimtania kwamba anauza giza, lakini majibu yalikuja upesi.

“Jibu la kwanza ni la kuku wa mayai,” Oliva alisema.

“Ruka.”

“La pili linasema asikilizwe.”

Tarsis aliitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. “Hilo naliweza.” Akavaa kofia yake. “Mama hajambo?”

“Hajambo. Yuko kijijini Mdandu na mahindi yake.”

“Msalimie sana.”

Tarsis alikuwa daktari wa mifugo mstaafu, mgane wa miaka mingi, mkazi wa Makambako. Alikuwa na sauti ya chini na viatu vilivyong'arishwa hata siku za tope. Jane, fundi cherehani wa mlango wa pili, ndiye aliyeanzisha maneno.

“Makambako kote hakuna kompyuta?”

“Zipo,” Oliva alijibu.

“Zenye picha?”

“Zenye picha.”

“Basi, mwenzangu, huyo hafuati kompyuta. Mwanaume hatoki Makambako mpaka huku aje kukodolea giza.”

Oliva alicheka, akamwambia akashone nguo za watu. Lakini alipobaki peke yake alijiona kwenye ile skrini nyeusi, na akaona kwamba kitambaa chake cha kichwa kimepauka. Alikuwa na miaka arobaini kasoro. Habari za kuolewa alikuwa amekwisha kuziweka kando, kama mtu anavyoweka kando nguo iliyombana, akisema ataigawa na asiigawe.

Tarsis aliporudi, alimkuta amevaa sweta jipya jekundu.

“Kamwene,” alisalimia, akalitazama lile sweta. “Umependeza, dada Oliva.”

“Kamwene. Baridi tu hii.”

“Andika: mtu aliyepita umri wa mbwembwe anaposaje?”

Oliva aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. “Wanasema pete ifichwe ndani ya keki.”

“Akiimeza?”

“Hawajasema.”

“Hao hawajawahi kuona mtu akikabwa,” alisema Tarsis kwa uso mkavu kabisa. “Tafuta wengine.”

Walitafuta, wakacheka mpaka mteja wa kutoa kopi akaondoka. Kisha Oliva aliuliza bila kumwangalia usoni, “Hivi kwa nini huyaulizi haya kule kwenu?”

Tarsis aliizungusha kofia yake mikononi. “Kuna mambo mtu anapenda ayaanzie hapa. Kwako.”

Jioni ile Oliva alimpigia mama yake simu. Alitaka kumwambia, kisha akaona haya.

“Mama, nina jambo.”

“Njoo nalo Jumapili, mwanangu,” mama alisema kwa haraka, sauti yake ina kicheko. “Sasa hivi nina mgeni.” Akakata.

Basi Oliva akaketi mbele ya kijimstari kinachopepesa, akaandika swali lake mwenyewe: mwanamke akiposwa akiwa mtu mzima, akubali papo hapo au asubiri? Majibu yalishuka. Yote yalikubaliana kwamba asubiri. Aonekane anafikiri. Akazima kompyuta akiwa amekata shauri kwamba atafikiri kwa heshima, tena kwa muda wa kutosha.

Siku mbili tatu baadaye Tarsis alikuja amevaa koti na tai. Alisimama mlangoni kwanza, akajipangusa umande mabegani, ndipo akaingia. Oliva alinyoosha mikono kwenye kibodi.

“Leo usiandike kitu,” alisema Tarsis.

Mikono ikarudi mapajani. Kule kwa Jane, cherehani ilinyamaza ghafla.

“Hiyo mashine nimeiuliza mengi, na wewe umenivumilia,” Tarsis aliendelea. Paji la uso lilikuwa linamtoka jasho, na nje baridi ya Njombe ilikuwa inauma. “Lakini hili lililobaki haliwezi kujibiwa na mashine. Jibu lake unalo wewe. Sina maneno mazuri. Nina nyumba, nina afya yangu, na nina nia njema, Mungu ni shahidi. Sijui kama nimeeleweka.”

“Umeeleweka,” Oliva alinong'ona.

“Maana ukikataa, sitakulaumu. Nitarudi zangu Makambako na heshima yako itabaki palepale.”

Oliva alijaribu kufikiri. Alijaribu kwa dhati. Alitazama dari, akatazama rundo la karatasi, akatazama vile viatu vilivyong'aa, na kule kufikiri kwenyewe kukamponyoka.

“Ndiyo,” alisema. “Nimekubali. Kwa moyo wote.”

Tarsis alishusha pumzi, akavua kofia, akaishika kifuani. Macho yalikuwa yamemlowa.

“Ahsante, mwanangu,” alisema. “Mimi nilimwambia utakubali. Mama yako ndiye aliyehofia kwamba hutataka aolewe tena.”