Hadithi ya Mchana

Katika darasa la fasihi linganishi, kwenye mji wa ugenini ambako theluji ilikuwa bado imelala juu ya mapaa, profesa alimgeukia Nzilani.

"Leo ni zamu yako. Tusimulie hadithi moja ya kwenu, kama ulivyoisikia."

Nzilani akasimama. Hadithi aliijua yote. Ilikuwa ya bibi yake, aliyezikwa mwezi uliopita yeye akiwa huku huku. Lakini ilikuwa asubuhi, na jua lilijaa mezani.

"Hadithi mchana?" bibi alizoea kufoka, ungo wa mchele mapajani. "Mnataka tuote pembe?"

"Tunakusikiliza," profesa alisema.

Nzilani alikwenda dirishani akavuta mapazia, kisha akazima taa. Wenzake wakacheka kidogo. Gizani mtu mmoja akasogeza kiti karibu, na wengine wakafuata, kama wajukuu walivyokuwa wakisogea jikoni moto ukififia. Ndipo akaanza, na sauti iliyomtoka haikuwa yake kabisa.

Alipomaliza, profesa akafungua mapazia. Mwanga ukawapiga machoni. Haraka, mtu asimwone, Nzilani akajipapasa utosini.

Habari za pembe hakuwa amemwambia yeyote. Lakini kwenye kiti cha mwisho Danuta, msichana wa milima ya mbali ambaye hakuwahi hata kusalimiana naye, alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vikipekua nywele taratibu, upande huu, kisha upande ule.