Vidonge Alivyoviacha Mahfudhi

Bi Zuhura alijibanza nyuma ya pazia la mlango, akitega sikio. Mwanawe Mahfudhi alikuwa ameacha vidonge vya presha, na asubuhi hiyo alianguka bafuni. Mama hamuulizi mwanawe mambo ya chumbani, kwa hiyo alimtuma bibi yake Mahfudhi, mwenye utani wa kumwita mjukuu wake mume.

"Mume wangu," bibi alimchokoza Mahfudhi aliyelala kitandani, "umeacha dawa ili uniache mjane?"

Mahfudhi hakucheka. "Zinanimaliza nguvu, bibi. Mke wangu siku hizi nampa mgongo tu. Bora nife mwanamume."

"Mjinga wewe! Mwambie daktari akubadilishie."

"Nitaanzaje? Daktari mwenyewe mwanamke."

Bi Zuhura alisahau haya yote, akalivuta pazia.

"Basi nitamwambia mimi."

Mahfudhi aliinamisha uso. Kisha miguu yake ikaanza kupapasa sakafuni, ikitafuta viatu, awahi kwa daktari kabla ya mama yake.