Kovu Chini ya Sikio la Mfalme

Wewe ulikuwepo. Usikatae. Siku fundi viatu alipotolewa nje ya ukumbi wa mnada, ameshikwa kwapani kama mwizi wa kuku, ulikuwa safu ya tatu. Ukainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Miaka kumi na moja imepita. Wewe umesahau. Binti yake hajasahau hata rangi ya tai aliyovaa dalali.

Dalali mwenyewe ndiye huyo mnayemwita Bwana Hakika. Yeye ndiye anayethamini, yeye ndiye anayenadi, yeye ndiye anayetia sahihi cheti. Fundi viatu alimpelekea sarafu ya fedha aliyoachiwa na babu yake. Bwana Hakika akaiweka kwenye mizani, akaitazama kwa lenzi, akatikisa kichwa.

"Bandia, mzee wangu. Iache hapa niiharibu, usije ukafungwa bure."

Mwaka uliofuata sarafu ileile ikapandishwa mnadani. Mzee alipoidai mbele za watu, akatolewa nje, na mtaa mzima ukampa jina: Mzee Bandia. Alizikwa nalo.

Binti yake akaendelea na kazi kwenye kliniki ya meno, chumba cha nyuma, akiwatengenezea meno watu walioyapoteza. Wakamzoea kwa jina la Fundi Meno. Alikuwa mpole, na wapole huwa tunawadhania wamesamehe.

Mwezi wa tatu mwaka huu naye akafungua kitambaa mbele ya mizani ileile. Ndani mlikuwa na sarafu ya fedha yenye kichwa cha mfalme.

"Umeitoa wapi, mama?" Bwana Hakika aliuliza.

"Nyumbani. Nataka tu uniambie ni kitu gani."

Dalali alikaa na lenzi jichoni muda mrefu mno. Akameza mate. Kisha wimbo ukawa uleule.

"Bandia, mama. Pole sana. Niachie niiharibu."

"Sawa. Ila niandikie kikaratasi kwamba nimekuachia."

Akaandika. Mtu aliyezeekea kwenye mizani mdomo wake unaweza kudanganya kutwa, lakini mkono una mazoea yake. Mkono wa Bwana Hakika uliandika uzito mpaka nukta ya pili, na kila kovu lililoonekana.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Sarafu ya mfalme ililetwa mezani juu ya kitambaa cheusi, cheti chake kando. Kila bei iliposinzia, shemeji yake dalali aliyekaa nyuma kabisa aliiamsha kwa kunyanyua kibao chake cha namba. Mwishowe akabaki mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, aliyetaka kuweka kiinua mgongo chake kwenye kitu kisichooza. Nyundo ikagonga. Ni yake.

Fundi Meno akasimama.

"Mwalimu, kabla hujalipa, tusomee hicho cheti kwa sauti."

"Mama, kaa chini," Bwana Hakika alisema, bado anatabasamu. "Usituletee mambo ya ukoo wenu hapa."

"Ukoo wetu umekaa chini miaka kumi na moja, makalio yameota sugu. Soma, Mwalimu."

Watu wakacheka. Mwalimu akasoma. "Halisi. Gramu ishirini na saba nukta sifuri nne. Kovu dogo chini ya sikio la mfalme."

"Na hiki."

Akampa kikaratasi cha mwezi wa tatu. Mwalimu alikisoma taratibu zaidi. "Bandia. Gramu ishirini na saba nukta sifuri nne. Kovu dogo chini ya sikio la mfalme." Akavua miwani. "Sahihi ni moja. Mwandiko ni mmoja. Bwana wewe, sarafu ya huyu mama ulisema unaiharibu."

Kicheko kikafa. Sauti moja ikatoka ukutani: "Kumbe mzee wa watu hakuwa mwongo."

Wanaume wawili wakasogea mlangoni. Safari hii hawakuja kumtoa mtu. Walikuja kuhakikisha kuna mmoja hatoki.

Bwana Hakika akajifuta uso. Alikuwa mjanja, na mjanja akibanwa hukiri dogo ili aokoe kubwa.

"Jamani, mwezi wa tatu niliteleza. Nani asiyeteleza? Baadaye niliipima upya. Sarafu ni halisi, halisi kabisa, naweka jina langu rehani. Mwenyewe ndiye huyu. Dada yangu, chukua mali yako, yaishe."

"Rudia, wa nyuma hawajasikia."

"Halisi!"

"Umeipima mwenyewe?"

"Kwa mikono hii. Miaka thelathini niko kwenye kazi hii."

"Kama ulivyopima zote walizonunua hawa?"

"Kama zote. Zote."

Akaisukuma sarafu mpaka ukingoni mwa meza. Mwalimu akamshika Fundi Meno begani, macho yamemlowa.

"Ichukue, mwanangu. Ya baba yako imerudi."

Fundi Meno hakuigusa.

"Ya baba sijaiona tena tangu iuzwe, Mwalimu. Hii niliiyeyusha na kuisubu mwenyewe kwa wiki mbili, kwenye tanuri la kutengenezea meno. Haya, kila mwenye cheti cha bwana huyu, na wewe unayesoma hapo ulipo: toa yako kabatini, ilete ipimwe, sasa hivi."