Eda ya Mwanakombo

Sheria ilikuwa wazi: mtu hajafa mpaka seli yake ya mwisho iache kugawanyika. Mwili wa Makame ulizikwa zamani, lakini enzi za uhai wake aliwapa watafiti kipande cha ngozi. Wakazigeuza seli zake zigawanyike kwenye ubaridi na kusimama kwenye joto, wapate kujua ni kitu gani hasa kinachozizuia. Chupa moja waliiacha kwa mkewe, ndani ya kisanduku cha umeme cha kurekebisha joto, jikoni, na Mwanakombo akabaki si mke, si mjane. Hata eda alikatazwa kukaa.

Asubuhi hiyo uvumilivu ulimwishia. Akapandisha joto la kisanduku mpaka mwisho, kisha akamwita mpimaji wa seli.

Mpimaji aliinamia darubini kwa muda mrefu. "Zimesimama, bibi. Pole kwa msiba."

Wifi yake, Mgeni, akaangua kilio. Majirani wakatandika mikeka, Mwanakombo akavishwa nguo za eda, na kilio alichokibana miaka yote kikamtoka chote.

Ubani ulikuwa bado unafuka umeme ulipokatika. Kisanduku kikapoa taratibu. Jioni mpimaji akaisogeza darubini dirishani, akachungulia tena.

"Zinagawanyika," alisema, bila kumtazama mtu usoni. "Kumbe zililala tu."

Mikeka ikakunjwa kimyakimya. Mgeni akamjia Mwanakombo, akaanza kumfungua ushungi.

"Vua, wifi yangu," alinong'ona. "Utamchuria kaka yangu, naye yu hai."