Pai Iliyokuwa Ishinde Kesho

Verlene alimwelekezea mwizi bastola kwa mikono iliyojaa unga wa ngano.

"Simama hapo hapo, kijana!"

Kijana aliganda katikati ya jiko, mkononi ana bisibisi aliyovunjia mlango. Kidole cha Verlene kikaanza kutafuta kifyatulio, ndipo alipokumbuka alichofundishwa kwenye uwanja wa shabaha: kwanza tazama nyuma ya mtu kuna nini. Akatazama. Dirishani ilikuwa ikipoa pai ya pichi, ya mashindano ya pai kesho kwenye maonyesho ya wilaya, na mwaka huu hakuna mwanamke jimbo zima la Jojia wa kumpokonya kombe.

"Sogea kushoto kidogo."

"Kwa nini, bibi?"

"Nyuma yako kuna pai."

Kijana akageuka, akaiona, akatabasamu. Akatupa bisibisi, akaikumbatia pai kifuani kama ngao na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Verlene akashusha bastola. "Haya, umeniweza. Nenda nayo. Lakini hiyo sahani ni ya marehemu mama yangu." Bastola ikapanda tena. "Sahani haitoki humu."

Kijana akaitazama sahani, akaitazama bastola, akanusa mvuke wa pai.

"Basi uma uko wapi, bibi?"