Pampu Isiyoambiwa Acha

"Nimeibuni mwenyewe, waheshimiwa," kijana alijigamba mbele ya majaji wa maonyesho ya ubunifu, katika mji wa Manizales. "Udongo ukikauka, pampu inajiwasha."

Kweli ikajiwasha, ikanywesha miche ya kahawa. Ukumbi ukapiga makofi.

Yurani, aliyeibiwa programu inayoiendesha pampu hiyo na mwanafunzi mwenzake huyo, aliendelea kutafuna arepa yake, mkate wa mahindi uliopakwa siagi. Kijana aliiba programu ikiwa nusu. Siku ile Yurani alikuwa ameandika tu: kama udongo ni mkavu, washa pampu. Ile "la sivyo, zima" aliiongeza kesho yake, nyumbani. Na kikompyuta kinachoiamuru pampu hakijui kukisia. Kisipoambiwa acha, hakiachi.

Beseni la miche likafurika. Maji yakaanza kudondokea viatu vya jaji mkuu.

"Zima basi, kijana! Mstari wa kuzima uko wapi?"

Kijana akapekua kompyuta huku jasho likimchuruzika, kisha akamgeukia Yurani. "Dada yangu, nakuomba..."

"Leo ndiyo nimekuwa dada yako?"

Yurani alijifuta siagi vidoleni, kimoja baada ya kingine, mpaka soksi za jaji zikalowa. Ndipo akasimama.

"Mstari huo ninao mimi, mheshimiwa," akasema, ukumbi mzima ukisikia. "Huo hakuwahi kuuiba."