Muziki wa Mwandishi

"Shh! Baba yuko kwenye muziki," mke wa Mwandishi aliwanong'oneza watoto wake mapacha, akiwasukuma kuelekea jikoni kwa bibi yao.

Sheria ilijulikana nyumba nzima. Mwandishi akishavaa hedifoni zake nyeusi, hata sufuria iliwekwa chini kwa adabu. Humo masikioni, alisema, mlikuwa na vinanda na fidla za kumfungulia mawazo. Riwaya mbili zilishatoka kwa mtindo huo, na zote ziligombewa madukani.

Aliyeonja joto ya jiwe ni mama mkwe. Alihamia pale baada ya kufiwa na mumewe, na mdomo wake haukujua likizo.

"Samahani, mama," Mwandishi alimwambia mapema kabisa. "Maneno mengi yananivuruga. Soga zako ziwe za jikoni tu."

Bibi akanywea. Tangu siku hiyo akawa wa jikoni na wajukuu wake, mlango umefungwa. Mwandishi alifika huko mara moja kwa siku, baada ya chakula, kuchomeka simu yake. Umeme wa jikoni, alidai, unajaza chaji upesi.

Juzi bibi alifunga mizigo. "Narudi kwangu, mwanangu. Hapa nimekuwa kero."

Mwandishi aliruka kitini. "Usituache, mama! Ngoja basi nimalize hizi sura tatu zilizobaki!"

Mkewe machozi yalimlenga. Kumbe mumewe ana utu, haonyeshi tu.

Bibi akafungua mizigo.

Leo amekuja dada wa gazetini, daftari mkononi. "Siri ya mafanikio yako ni nini?"

"Muziki, dada yangu. Usio na maneno. Maneno ya watu yanachafua kichwa."

Akaomba radhi, akaenda chumbani kubadili shati kwa ajili ya picha. Hedifoni aliziacha mezani, bado zinavuma.

Dada akasogea. Kwenye kompyuta sentensi ya mwisho ilisomeka: *Bwana harusi akajifungia kabatini, viatu mkononi.* Akatabasamu. Alitaka sana kujua ni wimbo gani unaozaa maneno matamu namna hiyo. Akazivaa.

Mfuniko wa sufuria uligonga. Kisha sauti ya kizee ikakohoa kidogo.

"Haya wajukuu zangu, jana tuliishia wapi?"

"Bwana harusi kajifungia kabatini, bibi! Viatu mkononi!"